Nzi tasa wanaweza kuokoa maembe yetu, lakini si bila subira na bajeti

ANAYEPITA chini ya miembe ya Makueni, Machakos au Kilifi wakati msimu wa mavuno umeshika kasi hukutana na jambo la kuhuzunisha. Maembe yaliyoiva vyema, yenye rangi ya kupendeza, yamelala chini yakioza. Ukilipasua moja utaiona sababu: funza weupe wanaojipinda ndani ya nyama ya tunda.

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Adui huyu haji kwa kishindo kama nzige. Jike la nzi wa matunda hutoboa ganda kwa ncha kali iliyo mkiani mwake, akataga mayai ndani na kwenda zake. Nje hubaki alama ndogo tu, mfano wa tundu la sindano. Mkulima hugundua siku kadhaa baadaye, mara nyingi tunda likiwa tayari limefika sokoni au, vibaya zaidi, likiwa limefika Ulaya.

Ndiyo maana mbinu ya kuachilia nzi madume waliofanywa tasa inastahili kujadiliwa kwa makini hapa nchini. Kwa anayeisikia mara ya kwanza, mbinu hii huonekana kama mzaha: mkulima analia kwa sababu ya nzi, nawe unampelekea nzi zaidi. Hata hivyo, si mzaha. Imeyakomboa mataifa kadhaa, na mojawapo ya ushindi wake mkubwa ulipatikana papa hapa Afrika Mashariki.

Swali linalofaa kuulizwa si iwapo mbinu hii hufaulu. Swali ni iwapo Kenya iko tayari kutimiza masharti yake.

Tuanze na adui mwenyewe. Nzi wa matunda si wageni wote. Bara letu lina spishi zake za asili, mathalani Ceratitis cosyra anayependa sana maembe, na Ceratitis capitata ambaye asili yake ni Afrika lakini amesambaa na kuwa tishio kwa wakulima wa Ulaya, Amerika na Australia.

Mambo yalibadilika mwaka wa 2003 watafiti walipomnasa nzi mgeni katika eneo la Pwani ya Kenya. Alikuwa ametoka Asia. Mwaka wa 2005 alipewa jina la Bactrocera invadens, yaani mvamizi. Muongo mmoja baadaye wataalamu walikubaliana kwamba ni yule yule Bactrocera dorsalis, anayejulikana tangu jadi katika mashamba ya Asia.

Jina lile la kwanza lilimfaa. Katika muda wa miaka michache alikuwa amesambaa katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, akiwasukuma kando hata nzi wa kienyeji. Huyu hachagui sana. Hushambulia maembe, mapera, mapapai, machungwa na parachichi, na pia matunda ya miti ambayo hakuna anayeihesabu kuwa ni shamba, kama vile mikungu inayotupatia kivuli katika mitaa ya Mombasa na ming'ongo ya porini.

Hasara yake haikuishia shambani. Mwaka wa 2007 Afrika Kusini ililifungia lango parachichi la Kenya kwa sababu ya nzi huyu. Mwaka wa 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha uuzaji wa maembe katika Muungano wa Ulaya baada ya shehena kunaswa mara kwa mara zikiwa na mabuu. Ilikuwa afadhali kujifungia mlango kuliko kufungiwa na wengine.

Kisha Septemba 2019 Muungano huo ukakaza sheria. Tangu wakati huo maembe yanayoingia huko sharti yatoke katika eneo lililothibitishwa kuwa halina nzi hao, au yawe yamepitia matibabu yanayokubalika ya kuwaangamiza, kama vile kuzamishwa ndani ya maji ya moto. Kenya ilirejea katika soko hilo mwaka wa 2021, kufuatia juhudi za kuwapunguza nzi katika maeneo teule, Makueni likiwemo. Hata China, ilipotufungulia mlango mwaka wa 2019, ilikubali kwanza parachichi lililogandishwa kwa barafu pekee, na ikasubiri hadi 2022 kupokea lile freshi.

Miaka saba ya kukosa soko la Ulaya si mchezo. Mkulima aliyekuwa amepanda miembe ya aina ya Kent na Tommy Atkins kwa matarajio ya kuuza ng'ambo alibaki akimtegemea broka anayefika na lori na bei yake kichwani. Aliyekataa bei hiyo aliambiwa maembe yana funza. Hivyo basi, nzi alimpa broka fimbo ya kumchapia mkulima.

Sasa tuitazame dawa inayopendekezwa. Nzi huzalishwa kwa mamilioni katika kiwanda maalumu, wakilishwa chakula kilichotengenezwa mahali pa matunda. Wakiwa bado pupa, siku chache kabla ya kuwa nzi kamili, hupitishwa kwenye mionzi ya gama au eksirei kwa kipimo kinachoharibu mbegu zao za uzazi bila kuwanyima nguvu za kuruka na kutafuta jike. Kisha huachiliwa mashambani, kwa ndege au kwa magari.

Dume tasa hujamiiana na jike la porini, naye jike hutaga mayai kama kawaida. Lakini mayai hayo hayaanguliwi. Kizazi kinachofuata hupungua, na madume tasa wakiendelea kuletwa kila wiki, kile kinachofuata hupungua zaidi.

Uzuri wa mbinu hii umo katika hesabu. Tuseme katika eneo fulani kuna majike 1,000 na madume 1,000 wa porini, na kwamba kila jike anayepata mume kamili huacha mabinti watano. Bila kuingiliwa, majike hao watakuwa 5,000 katika kizazi kijacho, kisha 25,000, kisha 125,000.

Sasa tuachilie madume tasa 9,000 katika kila kizazi. Mwanzoni kuna madume tisa tasa kwa kila dume mmoja kamili, kwa hivyo ni majike 100 tu watakaozaa, na mabinti wao watakuwa 500. Tukiachilia tena 9,000, kila dume kamili atakabiliwa na tasa 18, na majike watashuka hadi karibu 130. Mara ya tatu watabaki wasiozidi kumi.

Dawa ya kupuliza hufanya kinyume cha hayo. Ikiwa inaua nzi tisa kati ya kumi, itaendelea kuua tisa kati ya kumi hata wakibaki wachache, na wale wa mwisho ndio wagumu zaidi kupatikana. Dume tasa, kwa upande wake, huwa hatari zaidi kadiri adui anavyopungua, kwa maana yeye humtafuta jike mwenyewe, hata kwenye mpera ulio nyuma ya choo cha jirani.

Wazo hili si geni. Lilibuniwa Marekani na Edward Knipling, akishirikiana na Raymond Bushland, ili kumkabili nzi anayetaga mayai kwenye vidonda vya mifugo na ambaye mabuu yake hula nyama hai. Mwaka wa 1954 lilijaribiwa katika kisiwa cha Curaçao na nzi hao wakatoweka katika muda wa miezi michache. Baadaye walisukumwa kutoka Marekani, kisha Mexico, hadi Panama.

Kwa upande wa nzi wa matunda, Japani ilitumia madume tasa kumwangamiza nzi wa matikiti katika visiwa vya Okinawa, kazi iliyokamilika mwaka wa 1993. Chile ilijitangaza huru kutokana na Ceratitis capitata mwaka wa 1995. Mexico na Guatemala zimekuwa zikimzuia nzi huyo huyo asipande kaskazini tangu miaka ya sabini. Naye alipozuka katika Jamhuri ya Dominika, na Marekani ikafunga soko lake kwa matunda na mboga kadhaa za huko mwaka wa 2015, madume tasa kutoka Guatemala yalikuwa sehemu ya silaha zilizomng'oa kufikia Julai 2017.

Karibu nasi zaidi, wakulima wa zabibu wa Bonde la Hex River nchini Afrika Kusini wamekuwa wakitumia mbinu hii tangu mwishoni mwa miaka ya tisini.

Lakini mfano unaotuhusu zaidi ni wa kisiwa cha Unguja. Huko adui alikuwa mbung'o, yule nzi anayeeneza ugonjwa wa nagana kwa mifugo. Kwanza idadi yake ilipunguzwa kwa dawa iliyopakwa ng'ombe na kwa vitambaa vyenye sumu vilivyotundikwa msituni. Kisha, kuanzia 1994, madume tasa waliozalishwa Tanga walimwagwa kutoka angani, zaidi ya milioni 8 kwa jumla. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa huru.

Anayedai kwamba mambo haya ni ya wazungu na mashine zao hana budi kutupia jicho ng'ambo ya bahari, Unguja.

Kuna hofu moja inayopasa kuondolewa mapema. Neno mionzi huwatia watu wasiwasi, na si bila sababu. Wakazi wa Uyombo, Kaunti ya Kilifi, waliandamana mwaka wa 2024 kupinga mpango wa kujenga kinu cha nyuklia kijijini mwao. Itakuwa rahisi kwa mtu asiyeelezwa vyema kudhani kwamba nzi waliopitishwa kwenye mionzi watatapakaza sumu shambani.

Ukweli ni kwamba nzi hao hawabebi mionzi yoyote. Mtu aliyepigwa picha ya eksirei hospitalini harudi nyumbani akiwa na mionzi mwilini, na nzi huyu ni vivyo hivyo. Aidha, hawezi kuongezeka wala kuwa spishi mpya, kwa kuwa hana uwezo wa kuzaa. Hata hivyo, wananchi wanapaswa kuelezwa haya kabla ya sanduku la kwanza kufunguliwa. Mradi unaoanza kwa siri huishia kwa uvumi.

Baada ya sifa, sasa tuseme ukweli mchungu. Masharti ya mbinu hii ni manne, na hakuna hata moja lililo rahisi kwa Kenya.

La kwanza ni kwamba haifai kuanza wakati nzi ni wengi. Katika hesabu yetu tulihitaji madume tisa tasa kwa kila mmoja wa porini. Katika kilele cha msimu wa maembe, nzi wakiwa mamilioni, hakuna kiwanda kitakachomudu idadi hiyo kwa gharama ya maana. Ni lazima adui apunguzwe kwanza kwa njia nyingine.

Njia hizo tunazo. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, kilichoanzishwa Nairobi mwaka wa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kimefanya kazi ya kupigiwa mfano katika suala hili. Kuna chambo cha protini kinachotengenezwa kutokana na mabaki ya hamira ya viwanda vya bia. Kuna ukungu unaoua nzi bila kumdhuru mtu. Kuna nyigu wadogo walioletwa kutoka Hawaii ambao hutaga mayai yao ndani ya mayai au mabuu ya nzi. Wakulima wa Pwani nao wana majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani, ambao harufu yao pekee humfukuza nzi kwenye tunda.

Juu ya yote kuna usafi wa shamba. Mabuu hutoka kwenye tunda lililooza na kuingia udongoni ili kugeuka pupa. Embe moja lililoachwa chini laweza kuzaa nzi kadhaa, na kazi ya kuokota na kuzika matunda hayo haihitaji mfadhili kutoka Vienna.

Sharti la pili ni kwamba mbinu hii hailengi shamba moja bali eneo zima. Mkulima mmoja hawezi kununua madume tasa yake jinsi anavyonunua dawa kwenye duka la pembejeo. Jike aliyekwisha kujamiiana nje atavuka ua na kuja kutaga ndani. Ni sharti wote waingie: mwenye ekari mia, mwenye miembe mitatu, shule yenye mpera uani, na hata kaunti yenye mikungu barabarani. Katika nchi ambayo majirani hushindwa kuelewana kuhusu mpaka wa shamba, hili si jambo dogo.

Sharti la tatu ni kwamba kila dume tasa hupambana na spishi yake pekee. Tukimwondoa dorsalis, cosyra wa kienyeji aliyesukumwa kando anaweza kurejea na kukalia kiti kilichoachwa wazi. Aidha, mkaguzi wa Ulaya akikuta funza kwenye embe atairudisha shehena. Haulizi funza huyo ana asili ya Asia au ya Ukambani. Kwa hivyo madume tasa hawawezi kuchukua mahali pa chambo, usafi na maji ya moto. Wanaweza tu kuongezwa juu yake.

Tena zana zenyewe zinaweza kugongana. Mitego mingi tunayotundika kwenye miembe hutumia kivutio cha methili eujenoli, ambacho huwanasa madume. Mitego hiyo itawaua madume tasa pia, na hivyo pesa za umma zitakuwa zinazalisha nzi kwa mkono mmoja na kuwaua kwa mkono mwingine. Wataalamu wana njia ya kupunguza tatizo hili kwa kuwalisha madume kivutio hicho kabla ya kuwaachilia, ili wasikitamani tena. Lakini hilo linahitaji ratiba moja na msimamizi mmoja, si kila shirika kuja na mradi wake.

Sharti la nne ndilo kubwa zaidi, nalo ni kudumu. Hapa tuna funzo la hivi karibuni. Kwa takriban miongo miwili Panama ililinda ukuta wa nzi tasa katika mpaka wake na Colombia, ili yule nzi wa vidonda asirejee kaskazini. Ukuta huo ulivunjika. Mwaka wa 2023 visa viliongezeka ghafla nchini Panama na kuvuka hadi Costa Rica, na kufikia Novemba 2024 nzi huyo alikuwa ameingia Mexico.

Marekani ilifunga mipaka yake kwa ng'ombe wa Mexico, na Mei 2025 ikatangaza dola milioni 21 za kukarabati kiwanda cha nzi wa matunda kilichoko Metapa, kusini mwa Mexico, ili kizalishe nzi tasa wa vidonda. Taifa tajiri kuliko yote, lililobuni mbinu hii, lilijikuta halina viwanda vya kutosha siku adui aliporejea.

Ikiwa hayo yamewafika wao, je, sisi ambao miradi yetu hufa pindi mfadhili anapofunga mkoba? Unguja ilifaulu kwa sababu maji yaliizunguka. Mbung'o hakuwa na njia ya kurudi. Nchi yetu imepakana na majirani watano, na kila siku malori ya matunda huvuka mipaka hiyo. Katika bara wazi kama hili, yafaa tukiri kwamba lengo la kumfuta nzi huyu kabisa ni ndoto. Lengo la busara ni kumpunguza katika maeneo maalumu hadi kiwango ambacho tunda linaweza kuuzwa kwa heshima.

Kwa mantiki hiyo, mahali pa kuanzia ni pale ambapo maumbile yametusaidia. Visiwa vya Lamu vimezungukwa na maji kama Unguja. Bonde la Kerio limebanwa kati ya ukingo wa Elgeyo na milima ya Tugen, na wakulima wake wa maembe wanahitaji sana shughuli itakayowapa vijana riziki tofauti na wizi wa mifugo. Majaribio katika sehemu kama hizo yatatuonyesha gharama halisi kabla hatujajitosa katika Ukambani yote.

Wala si lazima kila nchi ijijengee kiwanda. Pupa waliofanywa tasa husafirishwa kwa ndege. Ndivyo Jamhuri ya Dominika ilivyopata wake, na mbung'o wa Unguja walitoka Tanga. Nzi hatambui mpaka wa Namanga wala wa Busia. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mara nyingi hulaumiwa kwa kufanya mikutano mingi kuliko kazi, ingeweza kugharimia kiwanda kimoja kwa pamoja.

Linabaki swali la haki, ambalo wataalamu wa wadudu huliacha kwa wanasiasa, na wanasiasa wakaliacha kwa Mungu. Nani atalipa, na nani atafaidika? Ikiwa fedha za umma zitasafisha eneo zima kisha faida ikaenda kwa wauzaji wachache wenye leseni za kupeleka matunda Ulaya, mama anayeuza maembe kwenye stendi ya Wote atakuwa amechangia kwa kodi yake bila kuona tofauti. Na yeye ndiye atakayeombwa kusafisha chini ya miembe yake miwili ili mpango ufaulu.

Jawabu ni kuwafunga pamoja. Anayeuza nje alipe tozo inayoeleweka kwa kila kilo, na tozo hiyo iende katika hazina ya kupambana na nzi, si katika mfuko mkuu ambamo hupotea. Kaunti zitenge fungu la kila mwaka lisilotegemea uchaguzi. Vyama vya ushirika vipewe jukumu, na malipo, la kukagua mitego na kuhakikisha matunda yaliyooza yanazikwa.

Dume tasa ni askari mzuri, lakini ni askari wa kumalizia vita, si wa kuvianza. Hatua ya kwanza ingali ni koleo na shimo la kuzikia maembe yaliyoanguka. Kaunti itakayoshindwa kuwashawishi wakazi wake kuchimba shimo hilo haitaweza kusimamia nzi milioni moja kila wiki.

Lakini itakayofaulu katika hilo dogo itakuwa na haki ya kudai hili kubwa. Na hapo ndipo Serikali ya Kitaifa haitakuwa na kisingizio cha kuwanyima wakulima silaha ambayo jirani zao wa Unguja waliitumia, wakashinda, miongo mitatu iliyopita.